Nani Ameokota Makombe Yangu

Jumamosi, 5 Aprili

Mwanangu Chiriku,

Mimi mzima, mgongo tu ndio unaolalamika, na wewe natumaini unakula. Salamu zimeisha. Sasa nikwambie kilichonipata, maana nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi, papasa nyuma ya ukurasa utaona.

Ningepiga simu lakini kwenye simu unanikatiza. Kila nikianza ni "Mama, fupisha." Karatasi haisemi fupisha.

Unajua kazi yangu hapa hifadhini. Kuzoa mwani ulioletwa na maji ili wanafunzi wanaokuja kujifunza mambo ya ndege na bahari wasizibe pua. Na unajua ninavyofanya msimu wa mayai, maana ulikuwa unanifuata nyuma tangu una mapengo. Buabua ni ndege asiyejenga kiota. Anakwaruza kishimo kama alama ya kisigino, anataga mayai mawili yenye rangi ya mchanga, basi, kamaliza nyumba. Mzee wa Darubini, alipokuwa mtafiti wetu, alichomeka kijiti chekundu kila penye kiota, na kunguru wakajua kusoma. Wakawa wanatoka kijiti hiki wanakwenda kijiti kile kama wameandikiwa anwani. Ni mimi niliyemwambia ang'oe vijiti. Nikaanza kuweka kombe la baharini. Kombe moja kubwa jeupe, limefunikwa kifudifudi, hatua mbili kutoka kiotani upande wa nchi kavu. Kunguru haoni kitu, ufukwe mzima umejaa makombe. Mimi naona. Penye kombe langu reki inapita mbali. Na kiota kikiliwa, anayekikuta kitupu anaondoa kombe. Miaka kumi na nne tumekwenda hivyo, mimi na mlinzi na Mzee wa Darubini, mpaka alipostaafu, na sikuwahi kuvunja yai hata moja.

Jumatano na Alhamisi sikuwepo, nilikwenda kutazamwa mgongo. Jana Ijumaa nimerudi, nakuta upande wote ulio karibu na darasa la wageni hakuna kombe. Makombe tisa hayapo. Nikasema kunguru hao, wamepata nafasi sipo, wamemaliza viota tisa na mlinzi kaondoa makombe. Nikakasirika, nikalia, nikaanza kukokota mwani huku nalia. Mwanangu, kumbe niliokuwa nawalilia ndio niliokuwa nawaua. Reki ilisema kra. Nikadhani ni ganda la kaa. Ikasema kra tena. Nilipoinama nilikuta ute wa njano kwenye meno ya reki.

Nilikuwa nimeshapita upande wote. Viota tisa, mayai kumi na saba.

Mkuu mpya wa hifadhi alikuja na simu yake, akapiga picha mayai, akapiga picha reki, akanipiga picha mimi. Hakuuliza kitu. Nikamuuliza mlinzi nani ameokota makombe yangu, akasema Alhamisi, yeye akiwa zamu ya getini, walikuja wanafunzi na ndoo, wakaambiwa waokote makombe, kila mtoto matano, makubwa na mazuri. Nikamwendea Filimbi, yule mwalimu wa kutembeza wageni anayevaa filimbi shingoni hata akienda msalani. Akasema, "Mama, mimi nafuata kijitabu. Somo la nne, Hazina za Ufukweni. Kijitabu kimeletwa."

Kimeletwa na nani? Hajui. Hakina jina.

Wewe uko huko chuoni na watu waliosoma, na unasomea ndege hao hao. Niulizie. Nataka kumjua huyo mjinga aliyekaa kwenye kiti chake akawaambia watoto wa watu waokote makombe msimu wa mayai. Nataka nimwone uso tu. Nimshike mkono nimpeleke pale aone ute.

Vaa soksi, huko kwenu najua kuna baridi.

Mimi mama yako


Ijumaa, 11 Aprili

Mama yangu mpendwa, shikamoo.

Nimepata barua yako. Pole sana kwa yaliyotokea, na pole kwa mgongo. Daktari alisema nini? Hukuniambia.

Kuhusu kijitabu, vitabu vya aina hiyo huandaliwa na watu wengi, si rahisi kumjua aliyeandika sehemu fulani. Nakuomba usigombane na mtu. Buabua wakipoteza mayai mapema hivi huwa wanataga tena, kwa hiyo msimu haujaharibika kabisa. Mambo haya yatapoa.

Je, kijitabu chenyewe umekiona? Umekisoma?

Mimi niko salama. Nina kazi nyingi.

Mwanao


Jumanne, 15 Aprili

Chiriku,

Nimesoma barua yako mara mbili nikitafuta iliyobaki. Nikageuza bahasha nikaikung'uta. Hata maelezo ya dawa yangu ya mgongo ni marefu kuliko hayo, na yanajali zaidi, yanauliza kama nimekula.

Yatapoa! Nani amekwambia nataka yapoe? Mtoto uliyekuwa unaongea mpaka ukilala, ndiyo maana nikakuita Chiriku, leo mama yako anakwambia ameitwa muuaji wa ndege, na wewe unanijibu kama karani wa dirishani. Una nini? Unaumwa? Umegombana na mtu? Kama ni mwanamume sema, nitamkasirikia baadaye, sasa hivi zamu haijafika.

Sikiliza. Mkuu ameniita ofisini. Ofisi ameibadilisha, ameweka zulia, ukiingia na mchanga miguuni unajisikia mwizi. Akanisomea karatasi. Inasema mimi, mhudumu wa usafi, nilikiuka utaratibu kwa kutumia reki eneo la kutagia, na nakiri uzembe. Nikamwambia, Mkuu, utaratibu wenyewe niliuanzisha mimi. Akacheka kwa pua. Akasema, "Mama, wewe uliajiriwa kusafisha, hukuajiriwa kulinda ndege. Utaratibu wa hifadhi hii umeandikwa. Hayo makombe yako yameandikwa wapi?"

Kweli hayajaandikwa popote. Miaka kumi na nne Mzee wa Darubini alikuwa ananifuata na daftari, namwonyesha kombe, anahesabu kiota, anaandika kiota. Kombe hakuandika.

Watakaa kikao Jumanne ijayo, tarehe 22. Nikitia sahihi nabaki kazini lakini siruhusiwi kukanyaga ufukwe, nasafisha vyoo na darasa. Nisipotia, nionyeshe ni kosa la nani. Hivyo ndivyo alivyosema: "Tuonyeshe ni kosa la nani."

Na nitaonyesha! Filimbi ameahidi kuniazima kijitabu. Mimi kusoma kwangu unakujua, darasa la nne na robo, lakini nitakaa na kidole, neno kwa neno, hata nikikesha. Sijakisoma bado, maana umeuliza, ingawa sijui umeuliza kwa nini.

Sitaki kuondolewa ufukweni. Nakwambia wewe, yeye sikumwambia. Vyoo nimesafisha, vyoo si aibu. Lakini ile saa kumi na mbili asubuhi ninaposhuka na reki, buabua wanaruka wanaanza kunitukana juu ya kichwa, wananijua, wananitukana kwa mazoea, kisha wanatua. Hawatui kwa mtu mwingine. Ukinitoa pale sijui asubuhi niamkie nini. Wewe umeshakua.

Andika kama mtu.

Mama


Jumamosi, 19 Aprili

Mama, shikamoo.

Samahani kwa barua ile. Nimeanza hii mara tano.

Mama, naomba usiende kwenye kikao ukiwa umebeba kijitabu. Nakuomba sana. Kuna kitu nataka nikueleze ana kwa ana, siwezi kwenye karatasi. Mwombe Mkuu asogeze kikao, nitakuja mwisho wa mwezi.

Ujue pia kwamba Mkuu ndiye anayetakiwa kuniandikia barua ya kunikubali nije kufanya utafiti wangu hapo, msimu huu huu. Nilikuwa sijakwambia, nilitaka iwe habari ya kukushangaza. Bila sahihi yake narudi nyuma mwaka mzima. Sisemi ukae kimya kwa ajili yangu. Au labda ndicho ninachosema, sijui.

Hata wakikutoa ufukweni, Mama, mgongo wako ungepumzika. Mimi nikimaliza nitakutunza.

Nisubiri tafadhali.

Mwanao Chiriku


Jumatano, 23 Aprili

Kwako mwanangu,

Barua yako imenifikia leo saa nne asubuhi. Kikao kilikuwa jana saa nne asubuhi. Ungeniandikia tarehe 11 ulichokusudia kuniandikia tarehe 19, ningekuwa nimekaa kwenye kile kiti nikiwa najua. Lakini hata hivyo nilikuwa najua.

Filimbi alinipa kijitabu Jumapili. Nikakaa mezani, nikavaa miwani ya marehemu baba yako. Somo la kwanza, la pili, la tatu, nikasema huyu aliyeandika si mjinga, anajua ndege. Anaandika kama anaongea na mtoto amemshika mkono. Mpaka nikakasirika kwa sababu nilikuwa naanza kumpenda. Nikafika somo la nne. Kila mtoto aokote makombe matano ya kuvutia. Ayageuze. Atazame upande wa ndani. Kisha pameandikwa: "Kombe kubwa jeupe wengine huliita sahani ya panya."

Wengine gani, Chiriku?

Sahani ya panya ni wewe. Ulikuwa na miaka saba, nimekukalisha kwenye gogo nisije nikakukokota na mwani, ukachukua kombe langu ukaweka punje ya wali juu yake, ukasema hii ni sahani ya panya, Mama, leo ana wageni. Tukaliita hivyo nyumbani kwetu mimi na wewe na baba yako. Baba yako amekufa. Mimi sijaandika kijitabu.

Nilivua miwani nikakaa. Chai ikapoa nikaimwaga.

Jana kikaoni walikuwa watano upande wao, na mimi peke yangu upande wangu na kijitabu mapajani chini ya kanga. Mkuu akauliza, "Mama, umekuja na maelezo? Ni kosa la nani?" Filimbi ananitazama, macho yananiambia toa, toa. Mlinzi amesimama mlangoni ananikonyeza. Nikasema, "Ni langu." Nikatia sahihi. Sahihi kamili, si kidole gumba, nilitaka wajue kwamba naweza.

Sasa usije ukajipa moyo kwamba mama amekusamehe. Nimetia sahihi kwa sababu nilizaa, si kwa sababu nimepoa. Nimetukanwa mbele ya watu watano kwa kosa ambalo nusu yake umeiandika wewe kwa maneno mazuri. Kusahau unaweza kusahau, mtu anasahau, umekaa mbali miaka mitatu, hata mimi siku nyingine namimina maji kwenye kopo la sukari. Lakini nilikuuliza. Nilikwambia nataka kumjua huyo mjinga, na wewe ukajibu "huandaliwa na watu wengi". Ulikuwa umekaa huko unasoma machozi yangu na unauliza kama kijitabu nimekisoma!

Na hili la mgongo kupumzika. Umelitoa wapi hilo? Usinitunze. Nani amekuomba unitunze? Nilikuomba jina moja tu.

Leo nimesafisha darasa la wageni. Makombe yangu yapo ukutani. Wameyabandika kwa gundi kwenye ubao, wameyapaka rangi, la bluu, la waridi, moja limetiwa macho na meno. Nimepangusa vumbi moja moja. Asubuhi nilisikia buabua wanapiga kelele nje, wanatukana hewa.

Mama


Jumanne, 29 Aprili

Kwa Mkuu wa Hifadhi,

Naandika kuhusu viota tisa vya buabua vilivyoharibiwa tarehe 4 mwezi huu.

Kijitabu cha masomo ya mazingira mnachokitumia nilikiandika mimi mwaka jana, kama kazi ya chuo. Somo la nne linawaagiza watoto waokote makombe "ufukweni". Nilipaswa kuandika waokote chini, kwenye mchanga wenye maji tu, na kamwe wasipande juu ya mstari wa mwani. Nilipaswa pia kuandika kwamba hapo hifadhini kombe jeupe lililofunikwa ni alama ya kiota. Nilijua. Nilikuwa mmoja wa watu wanne duniani waliojua. Nilipokuwa naandika, ufukwe wangu ulikuwa wa kwenye picha, sikuukumbuka ule niliokulia.

Alama hiyo aliibuni mama yangu, mhudumu wa usafi. Takwimu zote za viota ambazo hifadhi imezitoa kwa miaka kumi na nne zimetokana na makombe hayo. Pia mimi nimezitumia, kwenye ombi langu la utafiti lililo mezani kwako, na sikumtaja. Naomba uliondoe ombi hilo. Nitaliandika upya likiwa na jina lake, na utalikubali au utalikataa.

Karatasi aliyoitia sahihi si ya kweli. Alinifichia kosa langu. Naomba ifutwe, na arudishwe ufukweni kabla ndege hawajataga tena.

Mwandishi wa kijitabu

Nakala: Mama


Jumanne, 6 Mei

Chiriku,

Nakala! Umemwandikia Mkuu barua ya mistari iliyonyooka, na mama yako unampa nakala. Nimezunguka na hiyo karatasi nyumba nzima natafuta mahali ulipoandika "Mama, nisamehe", nikakuta "Nakala: Mama", na nukta mbili. Yule hukumkosea, ulinikosea mimi. Ungeanza na mimi, hata kwa mstari mmoja, halafu ndiyo uende kwa wakubwa.

Haya. Habari zenyewe ni hizi.

Mkuu aliniita. Safari hii alinivutia kiti. Akaitoa ile karatasi yenye sahihi yangu, nikadhani anaichana, akaikunja akaitia kwenye droo. Akasema jambo hili "litatazamwa". Nikamwambia, "Mkuu, litazame ukiwa umesimama, maana buabua hawasubiri droo." Sijui nilipata wapi ulimi. Nadhani ni hasira nilizokuwekea wewe, nikammiminia yeye. Akauliza, "Makombe yanawekwa hatua ngapi?" Nikasema mbili, upande wa nchi kavu, kifudifudi. Akaandika! Kwa mkono wake. Akaniambia nishuke ufukweni mpaka hapo watakapoamua. Ombi lako hakulitaja, na mimi sikuuliza. Utaliuliza mwenyewe, una mdomo.

Filimbi amelia. Amesema angeuliza kwanza kabla ya kuwapa watoto ndoo. Nikamwambia ndiyo, ungeuliza. Sikumbembeleza. Tulibandua makombe pamoja kwa kisu cha siagi, mengi yalivunjika, gundi ile ni ya kujengea nyumba. Yamepona matatu, pamoja na lile la macho na meno. Nimelisugua na mchanga lakini bado linacheka kidogo.

Hawa ndege ulisema kweli, wametaga tena. Viota vitatu mpaka jana, pale pale karibu na darasa, hawana akili hata kidogo. Mimi nikishuka wananitukana kama kawaida. Mmoja alininyea begani nikamwambia asante.

Sijakusamehe. Nakwambia ili usije ukatabasamu njiani. Ukifika nitakupikia, lakini nitapika nikiwa nimenuna, na utakula ukiwa umenyamaza, halafu ndipo tutagombana vizuri, sauti zote, mlango umefungwa. Nina maneno ya mwezi mzima. Baada ya hapo utakaa mezani na kalamu, mimi nitasema na wewe utaandika somo la nne upya, na usinifupishe.

Viota viwili nimeviwekea makombe. Cha tatu hakina. Kombe lake ni hilo ulilolikuta ndani ya bahasha hii, nimelifunga kwa soksi yako ya shule lisivunjike. Wewe ndiye uliyeliondoa, wewe ndiye utakayelirudisha, kwa mkono wako, hatua mbili, mimi nimesimama natazama.

Mpaka utakapokuja nimekiwekea kandambili yangu ya kushoto. Nakokota mwani mguu mmoja uko wazi, mlinzi ananicheka, na mchanga ikifika saa sita unaunguza.

Kwa hiyo usichelewe.

Mama yako